Bibi Alisema Amefunga

Naanza na picha, maana picha ndiyo iliyotuponza.

Nilipiga mwenyewe, Jumanne mchana, uani kwetu Mwera. Wali wa nazi umejaa sinia, juu yake kuku wa kienyeji kakaangwa mpaka kawa mwekundu, pembeni chupa ya chai na kikombe cha maua, na chini mkeka mpya ambao hata haujakaliwa. Yaani ukiiona utadhani kuna watu wameleta posa. Nikairusha status palepale, na maneno juu yake: "Mapishi ya bibi. Mtaisoma namba!" Mpaka jioni walikuwa wameiangalia watu sitini na tatu. Wallahi nilifurahi. Sitini na tatu!

Sasa nisikilizeni niwaambie ndani ya ile picha mlikuwa na nini.

Mchele ulikuwa wa Khadija, jirani yetu. Chupa ya chai ya Khadija. Kikombe cha maua cha Khadija, tena kina ufa, bibi akakigeuza ule ufa uangalie ukutani. Mkeka ulikuwa wa mteja, Rehmatbai wa Ngamiani, aliyeuagiza kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Bibi alikuwa amemaliza kuushona juzi yake, akisubiri tu mtu wa kwenda Tanga aupeleke. Kilichokuwa chetu pale ni kuku. Na yule kuku alikuwa wa mwisho, mtetea wa Sabra, alikuwa akitagia chini ya kitanda chake. Sabra ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka sita. Siku hiyo alikataa kutoka ndani.

Karamu yote hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, kijana anaitwa Asheri, anayekuja kuandika wenye njaa.

Ndiyo, mmesikia vizuri. Kuandika wenye njaa.

Mwaka wa pili ule masika yalikuwa yametukimbia. Mahindi yalitoka yakafika magotini, yakakauka yamesimama. Minazi yetu mitatu, miwili ilishakufa kwa ugonjwa. Mie nasuka nywele, lakini nani anasuka wakati wa njaa? Watu wanafunga vitambaa tu. Basi ikaja habari kwamba kuna mpango wa chakula cha msaada, mahindi na maharage, miezi sita, kwa kaya arobaini za kijijini kwetu. Arobaini tu. Na wenye shida tulikuwa si arobaini, nyie! Utaratibu ulikuwa hivi: kamati inatoa majina, halafu mwandikishaji anapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi chake kuuliza maswali, halafu mkutano mkuu wa kijiji unasomewa majina, na mwenye pingamizi anasema hapohapo mbele za watu. Ukipita hapo, umepata.

Jina la bibi, Semeni binti Mudathir, lilikuwamo. Namba kumi na saba.

Jumatatu ile tuliposikia Asheri anakuja kesho, nilimwambia, "Bibi, kesho usifagie sana."

"Kwa nini nisifagie?"

"Huyu si mgeni wa kukaribishwa. Huyu inatakiwa aone shida."

Bibi alikuwa anasuka ukili, mikono inakwenda yenyewe, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Wala hakuinua uso. "Mtu atoke wilayani na pikipiki yake, jua lote hili, aje mlangoni kwangu nimwonyeshe sufuria tupu? Huo ukaribisho mmeusoma wapi? Kwenye hiyo simu?"

"Bibi, ndiyo kazi yake kuona sufuria."

"Kazi yake aifanye akishakula."

Basi. Ukimjua bibi yangu, hapo maneno yamekwisha.

Asheri alikuwa mpole, kijana wa Korogwe, ana kijasho puani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, pita, kaa mkekani, usivue viatu." Alivua. Akala. Alikula kwa adabu mwanzoni, halafu akasahau adabu akala kama mtu mwenye njaa, na bibi anamsogezea mapaja ya kuku. Yeye mwenyewe hakugusa. "Nimefunga, mwanangu. Wewe kula."

Na hilo Asheri alilielewa, maana bibi yangu anajulikana. Jumatatu na Alhamisi zake hazikosi tangu mama yangu hajazaliwa. Msimu ule alikuwa amezidisha, anafunga karibu kila siku. Kina mama wa darsa walimwonea gere ya kheri, na mwalimu wao, Bi Narmin, alishawahi kumtolea mfano: mtazameni Bi Semeni, umri ule, na jua hili.

Sahani zilipotolewa, Asheri akawasha kishikwambi.

"Bibi, jana kaya ilikula milo mingapi?"

"Alhamdulillah, tumeshiba."

"Nataka idadi, bibi. Mmoja, miwili, mitatu?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Tumeshiba."

Asheri alimwangalia bibi, akaangalia sinia, lina mifupa ya kuku. Akaangalia mkeka. Akaniangalia mie. Na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nahangaika kuchagua kati ya picha mbili za paja la kuku ipi imetoka vizuri zaidi. Nilisikia swali. Nilijua jibu. Jana yake mie na Sabra tulikula uji mara moja. Nikanyamaza, kwa sababu mbele ya mgeni mjukuu hamsahihishi bibi yake. Hiyo kwetu hakuna anayekufundisha, unazaliwa nayo.

Asheri akabonyeza. Tatu.

*

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa Khadija kuomba moto. Nikamkuta anakuna nazi, na pembeni kaweka bakuli la machicha, yale yanayobaki nazi ikishakamuliwa tui.

"Chukua kabisa haya ya kuku wenu," akasema. "Bibi yako leo hajayapitia."

"Kuku wetu yupi, da Khadija?"

"Wa Sabra. Si kila Magharibi bibi yako anakuja kumchukulia machicha?"

"Kuku wa Sabra tulimchinja Jumanne."

Khadija aliacha kukuna. Tukatazamana. 

"Na futari?" nikamuuliza. "Si anakuja kufuturu kwako?"

"Kwangu? Aliniambia anafuturu kwenu."

Nilirudi mbio. Adhana ya Magharibi ilikuwa ndiyo inamalizika. Jikoni kwetu ni kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, na nyuma ya kibanda ndiyo bibi alikuwa amekaa, kwenye kibao cha mbuzi, na kikombe cha maji na kijibakuli. Alikuwa anakula machicha, ya jana aliyoyabakiza. Ameyatia chumvi. Anatafuna polepole, maana meno yenyewe hayapo, na ananyanyua kidevu kama kuku anavyokunywa maji.

Simu ilikuwa mkononi. Ipo mkononi siku zote. Sijui hata kidole kilibonyeza saa ngapi, nilisikia tu ule mlio wa picha.

Bibi akageuka. Hakushtuka. Alikung'uta mikono, akafunika bakuli na upande wa kanga.

"Leta hiyo."

Nikampa. Hajui kuitumia, alinirudishia. "Ifute."

Nikaifuta, naye anaangalia.

"Bibi, umefunga au huna chakula?"

"Nimenuia saumu na Mwenyezi Mungu anajua. Kile kidogo mnakula nyie. Mie mzee, nitafanyia nini?"

"Kwa hiyo kila siku hizi zote..."

"Hasina." Alinishika mkono, vidole vyake vigumu kwa ukili. "Hiyo simu yako haina haya. Hili lisiingie humo. Wala lisitoke kinywani mwako. Mie sina shamba, sina mume, sina mwana. Kilichobaki ni watu wananiona mtu. Niapie."

Nikaapa. Kwa jina la Mungu, niko nimesimama, machicha yananuka pale.

*

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, uwanja wa ofisi ya kijiji. Wanaume kwenye mabenchi ya shule, wanawake chini kwenye mikeka. Mwenyekiti wetu Zubeiri alikuwa na karatasi, Asheri kando yake na kishikwambi. Kabla hata hajasoma jina, ubishi ukaanza.

"Mie nasema hivi vya bure vinaharibu watu," alisema Yasini, mwenye duka. "Mtu akijua mahindi yanakuja na lori, jembe analitupa."

"Alime nini, mawe?" mama mmoja akamjibu. "Wewe si unalima sukari dukani kwako!"

Watu wakacheka.

"Mimi sikatai msaada," Yasini akaendelea. "Nakataa unakwenda kwa nani. Shemeji yangu ana watoto watano, hayumo. Wamo wenye ujanja."

"Ni kodi zetu hizo, hakuna anayetuhurumia hapa," mzee mmoja akasema.

"Kodi gani unalipa wewe, Mzee Rahimu? Hata kofia umeazima!"

Ilikuwa hivyo, vicheko na vijembe, na mie nimekaa karibu na bibi, nimemshika Sabra. Bibi amevaa kanga zake za kutokea, ameshikilia tasbihi. Majina yakaenda. La kwanza likapita, la pili likapita. Mmoja alikatwa kwa sababu ana mwana Dar anayemtumia. Mwingine alikatwa akalia palepale.

"Namba kumi na saba. Semeni binti Mudathir. Kuna pingamizi?"

Hakuna mkono ulionyanyuka. Nikaanza kupumua. Nilikuwa nimeshaanza kuona gunia mlangoni, wallahi.

"Lipo," akasema Yasini.

Akanyanyua simu yake juu. Huwa nanunua vocha kwake, namba yangu anayo. Alikuwa ameihifadhi ile status.

"Wenzangu, siku ileile mwandikishaji anapita, huku wanakula hivi. Kuku mzima! Mchele mweupe! Na maneno haya hapa, nawasomea: Mapishi ya bibi, mtaisoma namba." Akacheka kidogo. "Sasa namba tumeisoma, mwenyekiti. Ni kumi na saba."

Uwanja ukalipuka. Simu ikapita mkono kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze. Zubeiri alimgeukia Asheri. "Huko kwenye mashine yako inasemaje?"

Asheri aliona haya, nilimwona. "Milo mitatu kwa siku," akasema. "Ndivyo ilivyojibiwa. Na mimi mwenyewe chakula hicho nilikila."

"Bi Semeni," Zubeiri akasema, kwa upole, "una la kusema?"

Bibi akasimama. Alichukua muda kusimama, magoti yake. Nikajua sasa atasema. Atasema kuku alichinjwa kwa ajili ya mgeni, kila mtu pale angeelewa.

"Mwenyekiti, kijana kasema kweli. Kwangu tunakula, Alhamdulillah. Nifuteni, apewe shemeji yake Yasini."

Akaanza kukaa. Zubeiri akaishusha kalamu kwenye karatasi.

Na mie nikaiona ile kalamu. Nikamwona Sabra, shingo ilivyokuwa nyembamba. Nikasimama.

"Msifute! Anadanganya!"

"Hasina, kaa," bibi akasema.

"Wali ule wa Khadija! Vyombo vya Khadija! Mkeka wa mteja! Kuku tulikuwa naye mmoja tu, akamchinja kwa sababu mgeni kaja!"

"Hasina."

"Na hafungi!" Sauti yangu yenyewe siijui. "Bi Narmin, hafungi sunna huyu! Anasema amefunga ili sisi tule! Anakula machicha! Machicha ya kuku, kuku mwenyewe hayupo, anakwenda kuyaomba na kusema ni ya kuku! Nimemwona kwa macho yangu! Muulizeni Khadija!"

Kwanza kuna watu walicheka. Hilo silisahau. Neno machicha liliwachekesha, wawili watatu upande wa mabenchi. Halafu wakamwangalia Khadija, na Khadija alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, akitikisa kichwa kuitikia huku machozi yanamtoka. Kicheko kikafa.

Bi Narmin aliinamisha uso. Yasini alirudisha simu mfukoni. "Sasa si angesema," akasema, taratibu, kama anamlaumu mtu ambaye hayupo.

Zubeiri hakulikata jina.

Bibi hakunitazama. Alikunja mkeka wake aliokuwa amekalia, akauweka kwapani, akaondoka katikati ya watu, na watu wakampisha njia, wakampisha sana, kama anavyopishwa mwenye maradhi.

*

Asheri alikuja nyumbani kesho yake kurekebisha majibu. Bibi alibaki ndani. Nilijibu mie, mlangoni. Milo: mmoja. Mifugo: hakuna.

"Bibi angeniambia tu," akasema. "Ningeandika."

"Ulimuuliza umekaa mkekani kwake, mkono una mafuta ya kuku wake."

Sikumlaumu sana. Anauliza alichopewa kuuliza. Lakini nimekaa nimefikiri, na nasema langu, mtakubali mtakataa. Mie si Yasini. Msaada ni haki, mahindi yale yalituokoa, Sabra alirudi kuruka kamba. Ninachokataa ni ule mlango wa kuingilia. Kwamba ili mtu apewe kilo za mahindi lazima kwanza asimame uwanjani avuliwe nguo, watu wakague, waseme naam, huyu yuko uchi kweli. Mtu kama bibi yangu hawezi kuupita mlango ule. Atakufa nje yake, amevaa vizuri. Na mie nilimsukuma aingie. Nilimsukuma kwa mikono yangu.

Mahindi yalikuja. Magunia yalishushwa, tukaweka dole gumba kwenye karatasi, yaani niliweka mie, bibi alisema mgongo unamuuma. Siku hiyohiyo akapika. Ugali mzuri, maharage ya nazi. Akatupakulia mie na Sabra, akakaa pembeni na ukili wake.

"Bibi, njoo."

"Nimefunga."

Jumatano ile. Na Alhamisi, na Ijumaa. Magharibi anafungua kwa maji na matembele ya kichakani kwake, anachemsha mwenyewe kwenye sufuria yake ndogo. Kwenye gunia hakutia mkono kwa ajili ya tumbo lake. Alinisemesha vizuri, hakunitukana, hakuninunia. Hasina chota maji. Hasina funga mlango. Lakini darsani hakwenda tena. Kisimani alikwenda mara moja tu, mtoto wa mtu akamwuliza mbele za wenzake, "Bi Semeni, leo umefunga au machicha yamekwisha?" Akarudi na ndoo haijajaa.

Nikawa nahesabu siku kwenye simu. Kuna siku moja inakuja, nikawa najipa moyo, siku ambayo kufunga ni haramu, hana pa kujifichia. Idd. Siku ya Idd ya kuchinja lazima ale.

Asubuhi ya Idd niliamka kabla yake. Nikapika makande, mahindi yaleyale ya gunia na maharage yaleyale, nikayatilia tui zito, Khadija kanipa nazi nzima. Sabra kavaa gauni lake. Simu inalia kila dakika, Idd Mubarak, Idd Mubarak, rushia picha tuone mmepika nini. Nikaiacha ilie. Sikupiga picha hata moja.

Bibi alirudi kutoka kuswali, akapita kwanza kwa Khadija. Alipoingia uani alikuwa na kikombe mkononi, kile cha maua. Akatandika mkeka. Akanimiminia chai ya tangawizi, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili.

"Karibu, Hasina. Kunywa."

"Bibi, mie ndiye nimepika. Karibu wewe."

"Karibu," akasema tena.

Alikaa. Akanawa, akasema bismillahi, akala tonge moja. La pili. Nilikuwa namhesabia, roho iko juu. La tatu. Halafu akavuta maji akanawa mkono, vidole kimoja kimoja, akajifuta na kanga.

"Ongeza, bibi. Leo Idd. Hujala kitu."

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu mkutano kunitazama usoni, na alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la adabu ambalo nililiona mara ya mwisho akimsogezea Asheri mapaja ya kuku.

"Alhamdulillah," akasema. "Nimeshiba."

Kisha akanyoosha mkono, akakizungusha kikombe changu kidogo, ule ufa ukaangalia upande wake.